Mkopo wa simu: dhamana ni majina ya watu wengine

Katika soko la mikopo midogo midogo kuna bidhaa moja isiyobandikwa bei, nayo ni habari za mkopaji. Muuza mitumba anayetaka Sh. 50,000 za kuongezea mtaji haulizwi hati ya nyumba wala mdhamini. Anapakua programu, anabonyeza “Kubali”, na fedha zinaingia kwenye simu.

Ukweli ni kwamba dhamana ameitoa. Simu ya kisasa inajua mwenyewe yuko wapi, analala wapi na anazungumza na nani. Programu nyingi za mikopo ziliomba ruhusa ya kusoma mambo hayo, ili kompyuta ipime tabia ya mteja badala ya afisa mikopo kwenda dukani kwake.

Faida ipo, kwani wasio na akaunti benki wamepata mikopo. Tatizo ni orodha ya majina. Anayebonyeza ni mmoja, lakini wanaochukuliwa namba zao ni mamia, na hakuna aliyewauliza. Deni likichelewa, shemeji na wateja hupigiwa simu. Mfanyabiashara huishi kwa kuaminiwa. Akiaibishwa hivyo, hupoteza zaidi ya Sh. 50,000.

Hatua zimechukuliwa. Mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data wa Kenya alitoza kampuni ya mikopo faini ya Sh. milioni 5 za nchi hiyo, na Google ikazuia programu za mikopo kusoma orodha za majina. Tanzania ilianza kutumia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Mei 1, 2023, na Novemba 2024 Benki Kuu ilipiga marufuku programu 69 zisizo na leseni.

Hata hivyo, marufuku hairudishi habari zilizokwisha kuchukuliwa. Leseni haina budi kuwa na sharti: mkopeshaji asome habari za mkopaji peke yake, na kila anachokichukua kiandikwe kwa Kiswahili pembeni ya riba. Wakopeshaji wasidai kwamba biashara itakufa. M-Shwari ya Kenya imekopesha tangu 2012 kwa kutazama jinsi mteja anavyotumia simu na M-Pesa yake mwenyewe.

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Matanga hayo ni ya aliyekopa, si ya kila aliyemo ndani ya simu yake.