Mali Bila Daftari

Liko neno moja linalokaririwa mno mbele ya wanafunzi wetu, nalo latuudhi: ya kwamba nchi zetu hazikuendelea kwa kuwa hazina mtaji. Sisi twauliza: je, huko Kasese mtaji haukuwako?

Mwaka 1956 reli ilifika Kasese, na shaba ya Kilembe ikaanza kuteremshwa kutoka Milima ya Rwenzori, ikayeyushwa Jinja, kisha ikaelekea ng'ambo. Baada ya kahawa na pamba, shaba ndiyo iliyoiletea Uganda fedha nyingi za kigeni. Mgodi ulinyamaza mwanzoni mwa miaka ya 1980. Bondeni yamebaki mashimo na vifusi. Na Mto Nyamwamba ulipofurika Mei 2020, uliiharibu vibaya hospitali ya Kilembe. Shaba imekwenda, matope yamebaki.

Je, twasema kuuza shaba nje ni dhambi? La hasha! Hata mkulima huuza kahawa yake. Kutorosha mtaji ni jambo jingine: ni kupunguza bei katika hati za bidhaa zinazotoka, au kuiongeza katika hati za zile zinazoingia, hata tofauti yake ikalala katika benki za ng'ambo bila kutozwa kodi. Jopo lililoongozwa na Thabo Mbeki lilikadiria mwaka 2015 kuwa Afrika hupoteza kwa njia haramu zaidi ya dola bilioni 50 kila mwaka.

Sasa tutazame Bwera, mpakani Mpondwe. Katika miaka ya 1970, shilingi ilipopoteza thamani na mkulima akalipwa bei duni, magendo yalishamiri mipakani mwa Uganda. Serikali ya Idi Amin ikatoa amri mwaka 1975 iliyowatishia kifo wafanya magendo. Lakini tupime mizani: mwenye gunia kichwani huonekana na kila askari, mwenye kalamu ofisini haonekani na mtu. Ni yupi aliyeondoka na shule, na ni yupi aliyetafuta chumvi na sabuni tu?

Tangu mwaka 1990 Umoja wa Mataifa hupima maendeleo ya watu kwa urefu wa maisha, elimu na pato. Fedha iliyotoroshwa huvipunguza vyote vitatu: ni dawa isiyofika zahanati, ni dawati lisilochongwa, ni mshahara wa mwalimu unaochelewa.

Walimu wenzetu, Baraza la Mawaziri la Uganda lilipopendekeza mwaka 2022 Kiswahili kiwe somo la lazima shuleni, tulishangilia. Lakini Kiswahili cha salamu na ngeli peke yake hakitoshi. Mikataba ya madini huandikwa kwa Kiingereza, na mwenye mlima hawezi kuihoji lugha asiyoisoma. Hatuna budi kuyaingiza darasani maneno haya: mkataba, faida, kodi, hati, hesabu. Mtoto wa Bwera ayajue kama ajuavyo jina la mto wake, ili kesho aulize bila woga: mali yetu imeandikwa wapi?

Wahenga walikwisha kutuonya: mali bila daftari hupotea bila habari. Na daftari lisilosomwa na mwenye mali si daftari.