Roshani Isiyokaliwa

Roshani ya chumba cha melini ni kibaraza chembamba chenye viti viwili na kimeza, kilichozungushiwa ukingo wa kioo au wa vyuma. Katika meli ndogo za kifahari, kibaraza hicho huweza kuongeza maelfu ya dola kwenye nauli ya juma moja. Imani iliyoenea ni kwamba fedha hizo hazikwepeki. Mteja akiulizia safari ya visiwa vya Galápagos, jibu la wakala ni lilelile: chumba bila roshani ni sawa na kulala stoo. Kauli hiyo ni upotoshaji, na wanaoumia ni wastaafu waliodunduliza miaka mingi kwa ajili ya safari moja tu.

Imani hii ilikulia kwenye meli kubwa. Royal Princess ya mwaka 1984 ilijengwa vyumba vyake vyote vikitazama nje, na vile vya bei ya juu vikapewa roshani. Kampuni nyingine zikafuata mkumbo, hadi ubavu wa meli ukafanana na jengo la ghorofa. Huko roshani ina kazi. Icon of the Seas, iliyoanza safari Januari 2024, huchukua abiria 5,610 kwa hesabu ya wawili kila chumba. Katika umati wa namna hiyo viti vya kando ya bwawa huwahiwa alfajiri kwa kutandikwa taulo, na anayetaka kimya hana pa kukimbilia ila kibarazani kwake. Roshani ni dawa ya msongamano.

Galápagos hakuna ugonjwa huo. Ecuador, inayomiliki visiwa hivyo vilivyo takriban kilomita 1,000 kutoka pwani yake, hairuhusu meli ya kitalii kuchukua zaidi ya abiria 100 humo. Meli ya watu 100 ina sitaha za wazi juu, omo na tezi, na kwa sehemu kubwa ya siku viti vyake havina mtu. Kulipia roshani hapo ni kununua mahali pa kuwakimbia watu ambao hawapo.

Hesabu ya saa inamaliza ubishi. Vituo vya wageni katika hifadhi ya Galápagos hufunguliwa saa 12 asubuhi na kufungwa saa 12 jioni, na ratiba ya meli hufuata mwanga huo. Saa 2 asubuhi abiria wameshashuka kwenye mashua za mpira. Hurudi kabla ya adhuhuri wakiwa wamelowa, huoga, hula, hujinyoosha kidogo, na alasiri hushuka tena hadi machweo. Visiwa viko kwenye ikweta, kwa hiyo jua huzama karibu saa 12, tena upesi kama linavyozama Nanyuki au Kampala. Baada ya hapo kuna maelezo ya waongozaji, kuna chakula, na usiku meli husafiri kwenda kisiwa kingine. Muda unaobaki wa kukaa roshani ni ule wa baada ya chakula cha mchana, jua likiwa la utosi. Usiku roshani hutazama giza, na kiti chake hulowa umande wa chumvi.

Wanyama nao hawako upande wa roshani. Punta Espinoza, kwenye kisiwa cha Fernandina, mijusi wa baharini hulaliana marundo juu ya mwamba mweusi wa lava, wakipiga chafya za chumvi kupitia puani. Pembeni yao mnandi asiyeweza kuruka huanika vijibawa vyake vilivyodumaa. Kutoka melini, mjusi na mwamba havitofautiani. Ni lazima kushuka, katika kundi lisilozidi watu 16 chini ya mwongozaji mwenye kibali. Pomboo wakitokea, hupenda kucheza kwenye wimbi la omo, na roshani huonyesha upande mmoja tu wa bahari. Aliyeko sitahani huwafuata pande zote mbili. Aliyelipia roshani husikia vigelegele vya wenzake.

Kuna na suala la usingizi. Meli ikiyumba, vyumba vilivyo chini na katikati husogea kidogo. Vya juu, ambako roshani nyingi hujengwa, hupepesuka zaidi. Mabaharia wa pwani wana msemo kwamba ukienda tezi na omo, marejeo ni ngamani, yaani chini ndani ya chombo, na kwa mtu wa kichefuchefu hilo ni agizo kamili. Agosti na Septemba bahari ya Galápagos huchafuka, na hapo anayelala chini kwa bei nafuu ndiye anayeamka salama.

Watetezi wa roshani hufikia hata kusema kwamba inafaa kuanikia nguo za kuogelea. Hiyo ni kamba ya nguo ya maelfu ya dola, tena meli nyingi zinakataza kuanika kitu chochote kwenye ukingo. Lakini biashara hii imezoea kuuza hewa. Anayesafiri peke yake hutozwa nyongeza, mara nyingi nauli nzima ya mtu wa pili ambaye hakuzaliwa, kwa kosa la kukosa mwenza. Mjane hulipia kitanda kitupu, kisha hushawishiwa alipie na kiti cha pili cha roshani.

Kwamba ufahari hauhitaji roshani ni jambo lililokwisha kuthibitishwa. SeaDream I na SeaDream II, meli za mwaka 1984 na 1985 zenye abiria wapatao 112, hazina roshani hata moja, na bado zinahesabiwa miongoni mwa meli ndogo za anasa. Abiria wake hukaa sitahani.

Chumba cha kuchagua Galápagos, basi, ni cha chini, cha katikati, chenye dirisha linaloingiza mwanga. Tofauti ya nauli itumike nchi kavu, kwa siku kadhaa za ziada kisiwani Santa Cruz, ambako kobe wakubwa hutembea wenyewe katika malisho ya nyanda za juu, na mgeni huweza kusimama hatua chache kutoka kwao akawasikia wakitafuna majani.