Fidia ya Safari ya Ndege si Sadaka



Juma hili naomba tutafakari jambo ambalo kwa mtazamo wa haraka laweza kudhaniwa kuwa ni la watu wachache wenye nafasi, yaani abiria wa ndege. Hebu lakini tazameni ni nani siku hizi wanaosafiri kati ya Ulaya na Afrika Mashariki. Si matajiri na watalii peke yao. Wamo wauguzi wanaofanya kazi Ujerumani, masista wanaosoma Roma, wanafunzi, na wazee wanaokwenda kumwona mjukuu kwa mara ya kwanza. Wengi wao wamejinyima miezi mingi, au wamechangiwa na ukoo mzima, ili nauli ipatikane. Mtu wa namna hiyo safari yake ikifutwa, huketi juu ya begi lake, hupokea mkate na chupa ya maji, husema "ndivyo Mungu alivyopanga", na mambo huishia hapo.

Mimi nasema tusimsingizie Mungu. Mara nyingi aliyeshindwa kupanga ni shirika la ndege, nalo linadaiwa.

Katika Umoja wa Ulaya deni hilo limeandikwa. Kanuni namba 261 ya mwaka 2004, iliyoanza kutumika tarehe 17 Februari 2005, iliweka viwango vya fidia kwa abiria ambaye safari yake imefutwa bila taarifa ya siku 14 kabla: euro 250 kwa safari isiyozidi kilomita 1,500, euro 400 kwa safari za kati, na euro 600 kwa safari inayozidi kilomita 3,500 nje ya Umoja. Kutoka Amsterdam hadi Dar es Salaam au Kilimanjaro ni zaidi ya kilomita 6,000, kwa hiyo msafiri wetu yumo katika kundi la euro 600. Zipo hali ambazo kiasi hicho hupunguzwa kwa nusu, hasa pale abiria anapopatiwa ndege nyingine na kufika bila kuchelewa sana. Tarehe 19 Novemba 2009 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba hata ndege iliyochelewa tu, ikimfikisha abiria saa 3 au zaidi baada ya wakati uliopangwa, humpa haki ileile. Saa hizo huhesabiwa hadi mlango wa ndege unapofunguliwa na watu kuruhusiwa kushuka, wala si hadi magurudumu yanapogusa ardhi.

Wapo wanaouliza: yawezekanaje mtu aliyelipa nauli ya euro 40 alipwe fidia ya euro 250? Mashirika ya ndege yamelalamikia jambo hilo tangu mwanzo. Nami najibu kwamba fidia hii haipimi bei ya tiketi. Inapima muda wa mtu. Fikirini mama anayetoka Frankfurt kwenda kumzika baba yake Moshi, akafika jioni wakati kaburi limekwisha kufukiwa. Je, hasara yake ni ndogo kwa sababu alinunua tiketi wakati wa punguzo?

Ni kweli kwamba shirika halilipi fidia pale tatizo linapotokana na mambo yasiyo ya kawaida ambayo lisingeweza kuyaepuka hata kwa juhudi zote. Hapa ndipo penye mvutano mkubwa, na ndipo abiria wengi hukatishwa tamaa kwa neno moja tu: "ufundi". Mwezi Juni 2005 familia moja ilikuwa isafiri kutoka Vienna kwenda Brindisi, kupitia Roma, kwa ndege ya Alitalia. Ilipewa habari za kufutwa kwa safari dakika 5 kabla ya wakati wa kuondoka, ingawa shirika lilikuwa limegundua ubovu wa injini usiku uliotangulia. Shauri lilifika mahakamani, na tarehe 22 Desemba 2008 Mahakama ya Haki ikasema kwamba hitilafu za kiufundi zinazogunduliwa katika matengenezo ya ndege, kwa kawaida, si jambo lisilo la kawaida. Kutunza ndege ni sehemu ya biashara ya kurusha ndege. Mwaka 2017 mahakama hiyohiyo ilikubali kwamba ndege wa porini kugonga chombo angani ni ajali ya nje, isiyo kosa la shirika. Ni busara iliyoje! Mwewe hana mkataba na mtu. Lakini fundi na ghala la vipuri ni vya mwenye chombo.

Wengine huhofu kwamba tukidai mno, marubani watalazimishwa kurusha vyombo vibovu. Hofu hiyo naiheshimu, ila sioni kwa nini usalama ulipiwe na abiria aliyelala sakafuni.

Tena, fidia na huduma ni vitu viwili. Hata pale fidia isipodaiwa, shirika lina wajibu wa kumpa abiria chakula na vinywaji kwa kadiri ya muda wa kungoja, pahali pa kulala akibaki hadi kesho, na mawasiliano. (Kanuni yenyewe inataja simu mbili, au ujumbe wa teleksi au faksi, au barua pepe, sijui ni nani angeomba teleksi.) Mwezi Aprili 2010, majivu ya volkano ya Eyjafjallajökull huko Iceland yalipofunga anga la Ulaya, na maua mengi ya Naivasha yakaozea kwenye maghala, abiria mmoja wa Ryanair alikwama Faro, Ureno, akishindwa kurudi Dublin. Mwaka 2013 mahakama ilisema kwamba volkano kweli iliondoa fidia, lakini haikuondoa wajibu wa kumlisha na kumlaza, kwa gharama zilizo za lazima na za kiasi. Basi tunzeni risiti.

Sheria hii haiangalii uraia. Inamlinda kila anayeondoka katika uwanja wa ndege ulio ndani ya Umoja wa Ulaya, kwa shirika la nchi yoyote. Anayetoka Frankfurt kwa tiketi moja, akabadilisha ndege Addis Ababa, akafika Dar es Salaam saa 5 baada ya wakati wake, anahesabiwa kuwa na safari moja. Hivyo ndivyo ilivyoamuliwa mwaka 2018 katika shauri la Royal Air Maroc. Akirudi, hata hivyo, kinga hiyo humfuata tu kama shirika linalomrudisha ni la Umoja wa Ulaya. Akipitia Doha au Dubai kwa shirika la huko, hana. Mtu ni yuleyule, kuchelewa ni kulekule. Naliona jambo hili kuwa upungufu wa haki, lakini ni afadhali kulijua kabla ya kununua tiketi.

Asiye na kinga hiyo bado anao Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Kenya na Tanzania ni wanachama wake. Huu hautoi kiasi maalumu. Abiria wa safari ya kimataifa hulazimika kuthibitisha hasara aliyoipata kwa kucheleweshwa, na dai lazima lifunguliwe ndani ya miaka 2. Mzigo uliochelewa hulalamikiwa kwa maandishi ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa.

Kinachonisikitisha zaidi ni aibu. Sisi tumelelewa kwamba subira huvuta heri, na kwamba kudai mbele za watu ni utovu wa adabu. Lakini wahenga haohao walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Fidia hailetwi nyumbani, huandikiwa barua. Andikeni wenyewe kwa shirika, mkitaja namba ya safari, tarehe na muda mliofika, mkiambatanisha tiketi na pasi ya kupandia ndege. Wapo mawakala watakaowafanyia kazi hiyo na kukata robo ya fedha au zaidi. Watumieni tu mnapokataliwa. Mkipewa vocha ya safari ijayo badala ya fedha, jueni kwamba kanuni ya Ulaya inataka kwanza sahihi yenu ya kukubali. Na kula chakula mlichopewa uwanjani hakufuti dai lenu.

Mwezi Juni 2025 mawaziri wa usafirishaji wa nchi za Umoja wa Ulaya walikubaliana msimamo wa kutaka saa 3 ziwe 4, na kwa safari ndefu ziwe 6, fidia ya juu ikishuka hadi euro 500. Wakati ule ulikuwa msimamo, haukuwa sheria. Safari zilizokwisha kufanyika zina muda wake wa kudaiwa: Ujerumani miaka 3, Ufaransa 5. Huenda katika droo za baadhi yenu zimo pasi ambazo muda wake haujapita.