MENO HAYALINDWI KWA HOTUBA

Kila mwaka, ifikapo tarehe 20 Machi, dunia huadhimisha Siku ya Afya ya Kinywa na Meno. Siku hiyo hotuba hutolewa, vinywa vya watoto hupimwa, na baadhi ya shule hugawiwa miswaki. Hayo ni mambo mema na hatuna nia ya kuyabeza. Lakini jino halina sikukuu. Hufanya kazi, na hushambuliwa, siku zote za mwaka. Kwa hiyo swali ambalo kila mwalimu na kila mtumishi wa umma hana budi kujiuliza ni hili: usiku wa tarehe 21 Machi, yule mtoto aliyepewa mswaki aliutumia?

Swali hili si dogo. Taarifa ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 ilieleza kwamba watu wanaokaribia bilioni 3.5 wana maradhi ya kinywa, na kwamba watatu katika kila wanne kati yao wanaishi katika nchi za kipato cha kati. Maradhi yanayoongoza ni kuoza kwa meno, ambayo kwa sehemu kubwa yanazuilika nyumbani. Hata hivyo wengi wetu humwendea daktari wa meno pale tu maumivu yanapotunyima usingizi, na wakati huo mara nyingi njia iliyobaki ni kung'oa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika kinywa cha mtu mzima hata huo ukuta haujengeki, maana jino la kudumu haliioti mara ya pili.

Sababu yenyewe inajulikana. Ndani ya kinywa vimo vijidudu vinavyoishi katika utando laini unaoganda juu ya meno. Kila tulapo sukari, vijidudu hivyo huigeuza kuwa asidi, nayo asidi hulainisha gamba gumu la jino. Mate ndiyo hurekebisha uharibifu huo, lakini yanahitaji muda. Anayekunywa soda kidogo kidogo kutwa nzima hayapi nafasi. Tena, mtu alalapo mate hupungua sana. Ndiyo maana mswaki wa kabla ya kulala una uzito kuliko mwingine wote. Nasi, kwa mazoea tuliyokuzwa nayo, wengi hupiga mswaki asubuhi tu, ili tutoke mbele za watu tukiwa nadhifu. Twasafisha meno kwa ajili ya wenzetu, wala si kwa ajili ya meno.

Liko jambo ambalo wazazi wengi hawalijui, na ambalo mwalimu wa Darasa la Kwanza yapasa alijue kama anavyojua majina ya wanafunzi wake. Mtoto afikiapo umri wa miaka sita hivi, gego lake la kwanza la kudumu huota nyuma ya meno ya utoto. Halisukumi jino lolote nje, haliachi pengo, wala halitangazi kuja kwake. Mzazi hulihesabu kuwa ni jino la utoto, na likitoboka hulipuuza akingoja jingine liote. Jingine halioti. Hivyo basi, mtoto anapoanza kujifunza kusoma ndipo jino analolitegemea maisha yake yote linapoingia hatarini.

Je, mazoea hujengwaje? Si kwa vitisho, wala si kwa kuimba faida za usafi ubaoni. Utafiti wa University College London uliochapishwa mwaka 2010 uliwafuata watu 96 waliojizoeza jambo jipya la kila siku, kila mmoja akiwa amelifunga jambo lake na tukio lisilobadilika, kama vile kifungua kinywa. Kwa wastani wa kati zilihitajika siku 66 jambo hilo liwe mazoea. Wengine siku 18, na wengine zilikadiriwa kufika 254. Ilionekana pia kwamba kukosa siku moja hakukuharibu kazi iliyokwisha kufanyika. Siku 66 zinaenea ndani ya muhula mmoja wa masomo.

Ufilipino ililitambua hilo mapema. Tangu mwishoni mwa miaka ya 2000, shule zake nyingi zimekuwa zikiwapanga watoto kwa makundi kila siku, wakinawa mikono na kupiga mswaki kwa dawa ya meno yenye floraidi. Anayesimamia ni mwalimu, si daktari. Penye uji wa saa nne, pana nafasi ya dakika mbili baada ya uji. Dawa yenyewe, ambayo mwaka 2021 iliingizwa katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, haihitajiki nyingi: kwa mtoto, kiasi cha punje ya njegere, ateme povu bila kusukutua kwa maji mengi. Kila mtoto awe na mswaki wake. Penye uhaba, tusidharau kijiti cha mti wa mswaki.

Tahadhari moja ni ya lazima. Katika sehemu za Arusha na Kilimanjaro, hasa kuzunguka Mlima Meru, maji yana floraidi iliyozidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango kinachopendekezwa kisivukwe. Watoto waliokunywa maji hayo meno yao yakiwa bado yanajengeka huota meno yenye madoa ya kahawia. Madoa hayo si uchafu, na hakuna mswaki utakaoyaondoa. Mwalimu wa zamu amtoaye mtoto huyo mstarini mbele ya wenzake humwadhibu kwa kosa la maji, na humfundisha kufumba mdomo maisha yake yote.

Tusimwachie mwalimu mzigo wote. Mswaki wa usiku ni wa nyumbani, na mtoto aliye chini ya miaka minane huhitaji mkono wa mkubwa. Nasi watumishi wa maofisini tujitazame: mikutano yetu haianzi bila soda, ilhali chupa moja ya mililita 300 huweza kuwa na sukari ya vijiko vidogo vinane hivi. Twawakataza watoto pipi na ubuyu wa langoni mwa shule huku vikombe vyetu vya chai vikiwa vitamu kuliko pipi.

Samaki mkunje angali mbichi. Lakini anayemkunja samaki hana budi awe mwenyewe amekunjika. Usiku wa leo, kabla ya kufunga mlango, mzazi auchukue mswaki wake na amwite mtoto wake. Kesho afanye vivyo hivyo. Machi ijayo hotuba itakuwa na cha kusema.