Sufuria Zinapofika Mpakani

Pale Malaba, penye mpaka wa Kenya na Uganda, si ajabu kusikia mabishano ya namna hii. Mama mfanyabiashara amenunua sufuria Nairobi, amelipa, na risiti anayo mkononi. Kisha afisa wa forodha wa Uganda anamdai tena. Mama huona ameonewa. Kodi, asema, amekwisha kuilipa kule alikonunua. Na kweli ameilipa. Ila aliyolipa ni ya Kenya, asilimia 16, nayo Uganda yadai yake, asilimia 18.

Kodi ya ongezeko la thamani, ambayo Uganda iliianzisha mwaka 1996, hufuata mahali bidhaa itakapotumiwa, wala si mahali ilipotengenezwa. Kwa sababu hiyo nchi iuzayo huondoa kodi yake, na nchi ipokeayo hutoza ya kwake mpakani, ili sufuria ya kigeni isije ikauzwa rahisi kuliko ile ya Kampala ambayo nayo hutozwa. Mama yule alinunua dukani kama mnunuzi mwingine yeyote. Lau angalipatana na muuzaji aliyeandikishwa kwamba mzigo utoke kwa hati za kuuzwa nje ya nchi, ile asilimia 16 isingalikuwamo katika bei.

Wako pia wanaodhani kwamba, kwa kuwa nchi za Afrika Mashariki ziliungana katika forodha mwaka 2005, bidhaa ya jirani haidaiwi kitu. Kilichoondolewa ni ushuru wa forodha peke yake, tena kwa bidhaa yenye cheti cha kuthibitisha kuwa asili yake ni nchi mwanachama. Kwa mzigo mdogo, usiozidi thamani ya dola 2,000, kipo cheti chepesi kitolewacho mpakani. Lakini sufuria iliyotoka China, hata ikilala ghalani Nairobi mwaka mzima, haiwi ya Kenya.

Hapo ndipo hesabu inapowapotosha wengi. Bidhaa iliyo tayari kutumiwa, itokayo nje ya Jumuiya, kwa kawaida hutozwa ushuru wa asilimia 25, na baadhi yake zaidi ya hapo. Tuseme mzigo uliokuja kwa meli, pamoja na nauli na bima, una thamani ya shilingi 1,000,000. Mama hujumlisha 25 na 18, akapata 43, akaweka kando shilingi 430,000. Sivyo. Ushuru ni 250,000, na kodi ya ongezeko la thamani haihesabiwi juu ya milioni ile, bali juu ya 1,250,000, yaani mzigo pamoja na ushuru wake. Inakuwa 225,000. Zote mbili ni 475,000, na bado tozo nyingine ndogo ndogo za forodha. Zile 45,000 alizozisahau huenda ndizo zilizokuwa faida yake.

Mfanyabiashara aliyeandikishwa kulipa kodi hii huikata ile aliyotoa mpakani katika ile anayowatoza wateja wake, kwa hiyo kwake ni kama fedha ya kupita tu. Asiyeandikishwa hana pa kuikata. Huitia katika bei, na mwenye kuilipa hasa ni yule anayekwenda kupikia sufuria hiyo.

Hata aliyeandikishwa aweza kuikosa haki yake. Akina mama wengi hukodi kontena moja kwa pamoja kutoka Dubai au Guangzhou, na hati za forodha huandikwa kwa jina la wakala aliyekusanya mizigo. Mwenye mali ametoa fedha, lakini kwenye karatasi hayumo, na asiyekuwamo hawezi kudai kukatiwa kodi hiyo. Jina lake na namba yake ya mlipa kodi ziandikwe kabla mzigo haujapakiwa. Kontena likisha kufunguliwa Kampala, wakala naye ameshughulika na wateja wengine.