Mitambo ya Wingu: Je, Itatufanya Wavivu?

Ndugu Mhariri, naomba nafasi katika gazeti letu la muhula nitoe maoni juu ya jambo ambalo limetugawa sisi wanachama wa Chama cha Kompyuta tangu shule ilipofunguliwa. Wasomaji wasio wanachama nawasihi wasigeuze ukurasa upesi, maana jambo lenyewe lagusa vitabu wanavyoazima maktaba, na pengine siku moja litagusa alama zao za mtihani.

Kwanza nieleze neno lenyewe. Wingu ninalosema hapa halileti mvua. Ni kompyuta nyingi za kampuni, zilizowekwa katika majengo makubwa mbali na sisi, na mtu hukodi nafasi ndani yake kama mfanyabiashara akodivyo kibanda sokoni. Ukiandika programu hapana budi uipatie mahali pa kukaa, ili watu waifikie kwa intaneti. Zamani aliyetaka hivyo alinunua seva yake, akaitafutia umeme wa uhakika, akailinda na wezi, na ilipozimika usiku aliamka yeye mwenyewe. Siku hizi yako majukwaa yanayokufanyia kazi hiyo yote kwa malipo.

Jukwaa mojawapo lililojipatia sifa ni Heroku, lililoanzishwa mwaka 2007 huko San Francisco, Marekani. Mwanzoni lilipokea programu zilizoandikwa kwa lugha ya Ruby tu. Mwaka 2010 kampuni ya Salesforce ilikubali kulinunua kwa dola milioni 212 hivi, na tangu mwaka 2011 likaanza kupokea lugha nyingine nyingi. Vizazi vyake vilipewa majina ya miti: Aspen, Bamboo, kisha Cedar. Mwishoni mwa mwaka 2024 kikatangazwa kizazi cha Fir, ambacho kimejengwa juu ya Kubernetes. Hiyo Kubernetes ni programu iliyotolewa na Google mwaka 2014 kwa ajili ya kusimamia kompyuta nyingi kana kwamba ni moja. Jina lake ni neno la Kigiriki, na maana yake ni mshika usukani.

Sasa tutazame mambo yaliyoongezwa katika majukwaa ya namna hii mwaka baada ya mwaka. La kwanza, mwandishi wa programu hutuma kazi yake kwa amri moja tu, na jukwaa lenyewe hutambua lugha aliyoitumia, likakusanya vifaa vinavyohitajika na kuiweka hewani. La pili, kila badiliko laweza kuwekwa kwanza katika nakala ya majaribio yenye anwani yake, wenzako wakaifungua na kuikagua kabla wageni hawajaiona. La tatu, wageni wakizidi ghafula, kama siku matokeo ya mtihani yanapotangazwa, jukwaa huongeza nguvu lenyewe, na wakipungua huzipunguza. La nne, kila toleo la programu hupewa namba na kuhifadhiwa, hata toleo jipya likiharibika waweza kurudi kwenye lile la jana kwa amri moja.

Ni hilo la nne lililonitia aibu, nami nitalisimulia bila kujificha.

Chama chetu kiliandika programu ya kuorodhesha vitabu vya maktaba na majina ya walioviazima, tukaiweka katika jukwaa moja la namna hii. Siku ya kurudisha vitabu, muhula uliopita, asubuhi na mapema, nilibadili sehemu ndogo ili orodha ipangwe kwa vidato. Sikuijaribu katika nakala ya majaribio wala sikumwonyesha mwenzangu yeyote. Niliona ni jambo dogo. Kufikia saa nne ukurasa ukagoma kabisa, nao watu wa Kidato cha Nne wamepanga mstari mlangoni, vitabu mkononi. Nikakimbilia kompyuta, nikaandika amri ya kurudisha toleo la nyuma, na kwa muda mfupi programu ikasimama tena. Wenzangu wakanipigia makofi.

Mwalimu wa maktaba hakupiga makofi. Aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, kosa lilikuwa nini?" Nikanyamaza. Sikujua. Nilikuwa nimelikimbia kosa, sikulitengeneza. Tena baadaye yakaonekana mengine. Amri ile ilirudisha programu lakini haikurudisha kumbukumbu za vitabu, kwa kuwa hizo hukaa mahali pengine, katika hifadhidata. Vitabu 17 vilivyopokelewa asubuhi ile viliandikwa mara mbili. Kama mwalimu asingekuwa na daftari lake la karatasi, ambalo sisi tulikuwa tukilicheka, tusingejua kitabu kipi kimerudi na kipi hakijarudi.

Basi kwa ajili ya habari hiyo chama kikagawanyika. Rafiki yangu mmoja wa Kidato cha Sita asema tuachane kabisa na majukwaa haya, turudi kwenye kompyuta yetu kuukuu iliyo maabara, maana mtoto anayebebwa kila siku hajui kutembea. Wengine wasema hayo ni mawazo ya kizee. Mbona hatusagi mahindi kwa kinu siku hizi?

Mimi nasema kila upande una haki nusu. Kompyuta ya maabara hulala kila umeme ukikatika, na likizo inapofika hakuna wa kuitunza. Kazi ya wanafunzi ikikaa humo tu, mzazi aliye mbali hawezi kuiona. Jukwaa limetuwezesha sisi vijana wa sekondari kufanya jambo ambalo zamani lilitaka fedha nyingi na mafundi kadha wa kadha. Kulikataa ni kujinyima.

Lakini aliyepanga nyumba asisahau kwamba nyumba si yake. Tarehe 28 Novemba 2022 Heroku ilianza kuuondoa mpango wake wa bure, ambao wanafunzi wa nchi nyingi walijifunzia. Ilikuwa haki yao wenye mali, nao walitoa taarifa mapema. Lakini aliyekuwa hana nakala ya kazi yake wala fedha ya kulipa alipata taabu. Tena tukumbuke kwamba kompyuta za majukwaa haya mara nyingi ziko Marekani au Ulaya. Nimesikia baadhi ya walimu wakitamani alama zetu nazo ziwekwe humo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika hapa Tanzania tarehe 1 Mei 2023, imeweka masharti juu ya kuzipeleka taarifa za watu nje ya nchi. Alama za mtoto wa mtu si orodha ya vitabu, na mzazi wake ana haki ya kujua zinalala wapi.

Kwa hiyo napendekeza mambo manne, na naomba yajadiliwe katika mkutano ujao wa chama.

Kwanza, kila mwanachama mpya aweke programu hewani kwa mkono wake mwenyewe, walau mara moja, katika kompyuta kuukuu ya maabara, ndipo aruhusiwe kutumia jukwaa. Akishajua kazi inayofanywa kwa niaba yake, hatashangaa siku ikikwama.

Pili, badiliko lolote, hata la neno moja, lipite katika nakala ya majaribio na likaguliwe na mtu wa pili.

Tatu, anayerudisha toleo la nyuma aandike katika daftari la chama chanzo cha kosa kabla hajagusa tena programu. Mimi nimekwisha kuandika langu: orodha yangu ilitafuta kidato cha kila msomaji, na walimu walioazima vitabu hawana kidato. Ilinichukua siku mbili kuligundua, na katika siku hizo mbili nilijifunza mengi kuliko muhula mzima.

Nne, kila Ijumaa nakala ya kumbukumbu zote ichukuliwe na kuhifadhiwa hapa shuleni, na alama za wanafunzi zisipelekwe popote mpaka Mkuu wa Shule na wazazi wameelezwa na kukubali.

Nanyi wazazi mnaouliza kwa nini chama kinaomba mchango wa kulipia jukwaa, swali lenu ni la haki. Njooni maktaba siku ya wazazi mtuulize jinsi programu ile inavyofanya kazi. Tukiwajibu vizuri, tuchangieni. Tukinyamaza kama nilivyonyamaza mimi siku ile, basi fedha zenu kaeni nazo.

Wenu katika masomo,
Katibu Msaidizi, Chama cha Kompyuta,
Kidato cha Tano.