Meli ya Matembezi: Tazama Chombo Kabla ya Bandari

Kusafiri baharini si jambo geni kwa watu wa pwani. Wazee wetu walipanda vyombo kwa biashara, kwa kuzuru jamaa na kwa kwenda Hija. Lakini kupanda meli kwa ajili ya mapumziko tu, mtu akatembezwa bandari tatu au nne kisha akarudishwa alikotoka, ni jambo jingine. Safari hizo sasa zinatangazwa kila mahali, na mwenye uwezo huvutiwa nazo. Yafaa jambo hili litazamwe kwa makini.

Watu wengi huanza kwa kuuliza meli inakwenda wapi. Swali hilo lina maana, lakini si la kwanza. Bandarini abiria hukaa saa chache tu. Saa nyingine zote, usiku na mchana, yumo melini. Meli ndiyo mtaa wake kwa siku hizo, na watoto wake wataona yaliyomo. Katika meli nyingi za Marekani na Ulaya, baa na chumba cha kamari ni sehemu ya pato la kampuni. Nauli huweza kuteremshwa kwa kutumaini kwamba abiria atatoa zaidi akishapanda.

Ndiyo sababu lililotokea Jeddah mwezi wa Disemba 2024 linastahili kuangaliwa. Meli iitwayo Aroya, ya kampuni ya Cruise Saudi inayomilikiwa na mfuko wa uwekezaji wa serikali ya Saudi Arabia, ilianza safari zake katika Bahari ya Sham. Meli hiyo iliundwa Ujerumani na kuanza kazi mwaka 2017 kwa jina la World Dream, ikihudumia abiria wa Asia mpaka wenyewe walipofilisika mwaka 2022. Wasaudi wakainunua na kuibadilisha. Ndani yake hamna pombe wala kamari, na mna mahali pa kuswalia. Huchukua abiria zaidi ya 3,000, na katika majira ya joto ya 2025 ilihamia Istanbul.

Wako watakaosema kwamba hiyo ni anasa iliyovishwa kanzu. Hoja hiyo si ya kupuuzwa, kwani israfu haigeuki kuwa jambo jema kwa kuondolewa chupa mezani. Lakini kupumzika na ahali zako si dhambi. Lililo kubwa hapa ni kwamba chombo ni kile kile, kimebadilika kwa sababu wanunuzi wamebadilika.

Hata hivyo, heshima peke yake haimwokoi mtu majini. Mnamo Januari 2012 meli ya Costa Concordia iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, wakafa watu 32. Mamia ya abiria waliopanda siku ile walikuwa bado hawajafanya mazoezi ya kujiokoa. Tangu 2015 sheria za kimataifa zinataka mazoezi hayo yafanywe kabla ya meli kung'oa nanga au mara tu baada ya kuondoka. Usiyakwepe.

Kisha ije hesabu. Nauli inayotangazwa kwa kawaida ni ya mtu mmoja katika chumba cha wawili. Anayelala peke yake huweza kutozwa karibu mara mbili. Kuna bakshishi ya kila siku, na matembezi ya nchi kavu hulipiwa mbali. Anayeogopa mrama achague chumba cha katikati ya meli, sitaha za chini. Mwenye paspoti ya Kenya aulizie viza ya kila bandari kabla ya kulipa.

Bandari nazo zichunguzwe. Tangu Novemba 2023, mashambulizi ya Wahouthi kusini mwa Bahari ya Sham yalizifanya kampuni kadhaa kubadili njia na kuzunguka Afrika.

Basi anayetaka kusafiri na aulize wazi wazi: nyama imechinjwa vipi, pa kuswali pako wapi, mabwawa ya wanawake yapo au hayapo, nauli kamili ni ngapi. Na ajibiwe kwa maandishi. Akinyamaza, atauziwa kilichoandaliwa kwa ajili ya mwingine, na akishafika bahari kuu hana pa kuteremkia.